Foni ya zamani na bei ya haki: tulichojifunza kwa dola 380

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye kubaki nyumbani mukingojea habari, juma hili hatutasema juu ya mishahara wala juu ya kofia na boti. Tutasema juu ya foni. Ndiyo, ile foni ya zamani: posti ya chuma, mike yenye waya wa kujikunja, batri ya gari chini ya meza na antena imefungwa kati ya miti miwili. Wengi wanafikiri ilikufa siku telefone za mkono ziliingia. Haikufa. Iko inauzishwa, na wauzishaji wamoja wanakula makuta ya watu kwayo. Sisi wenyewe walitukula.

Mwanzo wa mambo ni mvua. Seksio yetu ya sendika iko Likasi, lakini wamoja kati ya wanachama wanachimba mbali, upande wa Mitwaba, kwenye kilima ambako rezo haifiki. Wakati wa mvua ukuta wa shimo ulianguka. Watu wawili walifunikwa mpaka kifuani, wenzao wakawatoa kwa mikono. Mmoja alikuwa amevunjika mguu. Kijana wa pikipiki alitumwa kwenye kituo cha afya, akatumia saa nne juu ya matope, na alipofika, munganga alikuwa ametoka. Yule mwenye kuvunjika mguu alilala chini ya hema mpaka kesho yake mchana. Leo anatembea na fimbo. Bibi yake alituuliza katika mkutano, mbele ya wote: "Kotizasio munatukamataka kila mwezi. Munashindwa hata kupata kintu cha kuita munganga?"

Hakuna mtu alimjibu.

Kituo kile cha afya kiko na foni yake, kila asubuhi wanaongea na hospitali. Ilikosa paka upande wetu. Kuna wenye kusema: tafuteni telefone ya satelaiti. Tuliuliza. Posti yenyewe si kitu, lakini kisha hapo kuna kulipa kila mwezi, mwaka kwa mwaka, na wachimbaji wenye kupata leo na kukosa kesho hawawezi. Foni ukishakuwa nayo, na karatasi yake, inakunywa umeme wa batri tu. Njo maana tuliamua foni. Watu 52 walitoa kila mmoja dola 8. Ilifika dola 416, na kamati ya watu watatu ikatumwa Lubumbashi.

Sisi wenye umri wa miaka arobaini na kitu tunaikumbuka foni vizuri, na hiyo kumbukumbu ilikuwa hatari yetu ya kwanza. Katika miaka ya 1990, wakati simu za serikali zilikuwa zimekufa karibu kila mahali, foni njo ilikuwa barua, telefone na gazeti. Misioni zilikuwa nayo, wafanyabiashara pia, na wanunuzi wa almasi kule Mbuji-Mayi. Kila mji ulikuwa na nyumba za foni. Ulilipa, ulingoja kwenye benchi, kisha ulipiga kelele kwa mike: "Mama iko muzima? A vous!" Watu wote wa benchi walisikia matanga yako, deni yako na mapendo yako, na wenye kuwa kwa frekansi ile ile walisikia pia. Ndoa zilivunjika pale. Posti nyingi kati ya zile zilikuwa mashini za radioamateri, watu wenye kuongea na dunia kwa kujifurahisha na kujifunza, zilizotengenezwa Japani na kampuni kama Yaesu, Kenwood na Icom. Ziliingia kwetu kwa njia ya Ulaya, na mafundi wakazifungua zipate kusema hata nje ya frekansi za amateri. Basi, mtu aliyekua na hiyo sauti masikioni, akiona posti ya namna ile mezani, moyo wake unalipa mbele ya mkono.

Huko Lubumbashi mwuzishaji alituonyesha posti kubwa, nzito, yenye sindano na vifungo vingi, imeandikwa Sommerkamp FT-277. "Hii haina ya Japani, bakubwa. Hii ni ya Ulaya. Kazi ya Bazungu benyewe." Aliiwasha. Baada ya dakika moja taa ikapata rangi ya manjano nzuri, na sauti zikaingia: Kiingereza, Kiarabu, muziki, watu wenye kuongea Kifaransa mbali sana. Mmoja wetu alikaribia kulia. Tuliuliza: na kusema je? Akajibu: "Tukitoa sauti hapa katikati ya muji, batu ba usalama batakuja mara moja. Munataka kunifunga? Kintu chenye kusikia hivi, kusema kwake kutakosa namna gani?" Alianza na dola 500. Tulishuka mpaka 380 na tukajiona wajanja. Dola 36 zilizobaki ziliishia kwa usafiri.

Wandugu, tushike hapa kidogo, juu ndani ya ile nusu saa kulikuwa makosa matatu, na kila moja lilikuwa na bei yake.

La kwanza ni jina. FT-277 ya Sommerkamp ni Yaesu FT-101 yenyewe. Sommerkamp ilikuwa inanunua mashini za Yaesu na kuziuzisha Ulaya na jina lake. Kiwanda ni kile kile, cha Japani. Yaesu ilianza kuitoa FT-101 mwaka 1970, na ilikuwa mashini nzuri kabisa ya wakati wake, hatuikatai. Lakini tulilipa jina la Ulaya juu ya posti ambayo haikuzaliwa Ulaya.

La pili ni lampi. Sehemu kubwa ya ile posti ni ya tranzista, lakini mwishoni, pale nguvu inapotoka kwenda kwa antena, kuna lampi mbili za kioo. Katika FT-101 za mwanzo, na katika FT-277, lampi hizo zinaitwa 6JS6C. Zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya televisheni za zamani. Televisheni hizo zimekwisha, na lampi nazo zinakwisha: leo ni ngumu kuzipata, na mwenye kuwa nazo anajua thamani yake. Jirani yake, Kenwood TS-520, inatumia lampi za ukoo wa 6146, lampi za foni kabisa, ambazo bado zinapatikana kwa urahisi zaidi. Posti mbili za umri mmoja, zenye kung'aa sawasawa juu ya meza, lakini moja ikiugua dawa yake inapatikana, ingine hapana. Mwenye kujua hili hawezi kuzilipa bei moja. Sisi hatukujua.

La tatu njo kubwa. Kusikia na kusema ni mashini mbili ndani ya sanduku moja. Zinashiriki vyombo vingi, lakini ile ngazi ya mwisho ya nguvu haifanyi kazi yoyote wakati unasikiliza. Lampi zinaweza kufa kabisa na posti ikaendelea kukuletea Kiarabu na muziki. Mwuzishaji alituonyesha masikio, tukalipa mdomo.

Fundi wetu wa Likasi, mzee aliyefanya foni maisha yake yote, hakutucheka. Aliifungua na kutuonyesha. Kati ya zile lampi mbili, moja haikuwa hata ya aina yake. Mtu alichomeka kitu kinachofanana. Ile ingine ilikuwa imekwisha. Kondansateri kubwa zilikuwa zimevimba. Alipobonyeza mike sindano haikutikisika hata kidogo. Kisha akasema neno ambalo tunaomba kila mama na baba alishike: ndani ya posti ya lampi kuna umeme wa volti karibu 600, na kondansateri zinaweza kuushika hata kisha kuchomoa waya. Huo umeme unaua. Kama baba alinunua posti ya zamani na haifanyi kazi, mtoto mwenye kupenda kufungua radio asiguse hii na bisi yake. Ipelekwe kwa fundi, imefungwa.

Kwa mkutano tuliposema ukweli, kelele ilikuwa kubwa, na ilikuwa haki. Dola 8 kwa mchimbaji si mchezo. Watu watano walitoka katika seksio siku ile ile. Sisi wa kamati tuliomba kitu kimoja tu: fundi atufundishe kupima, ili kesho mtu asitudanganye tena, sisi wala seksio ingine.

Alitufundisha jioni sita, na tuliyoyapata tunayaandika hapa namna tulivyoyaelewa sisi, si namna ya shule.

Kwanza alituambia: kimbia mwuzishaji mwenye kukataa kupima kusema. Ile sababu ya watu wa usalama iko na nusu ya ukweli, juu kusema hewani bila otorizasio ni kosa. Lakini kuna dawa, inaitwa antena ya uongo. Ni mzigo wa omu 50 wenye kukula nguvu ya posti na kuigeuza joto, bila sauti kwenda hewani. Yetu tuliitengeneza wenyewe: rezistansi 20 za omu 1,000, kila moja ya wati 5, zimeungwa zote bega kwa bega. Hesabu inafika omu 50 na wati 100. Ziwe za kaboni au za oksidi, si zile za waya wa kuzungushwa, juu waya wa kuzungushwa unadanganya kipimo. Tulizitia ndani ya kopo ya maziwa yenye mafuta, zisiungue haraka. Kati ya kopo na posti unaweka kipimo cha wati. Chetu ni kile cha madreva wa malori; kwa frekansi zetu hakisemi sawasawa sana, lakini kati ya maiti na mzima kinatofautisha.

Hapo unabonyeza mike na kupiga mluzi. Si kuongea, ni mluzi mrefu. Posti ya wati 100 yenye afya itapandisha sindano kwenda 80, 90, 100. Usipige muda mrefu, sekunde tano zinatosha. Ikiwa ni posti ya tranzista ya volti 12, angalia pia batri: kwa mluzi mkali inavuta karibu ampere 20. Ikivuta nyingi na wati hazitoki, kuna ugonjwa ndani. Na kamwe, kamwe, usiache mtu abonyeze mike bila antena wala mzigo. Posti nyingi zimekufa mikononi mwa mnunuzi mwenye haraka, kisha mwuzishaji anasema: umeiharibu, lipa. Na hapo hakosei.

Kisha mluzi, unaiacha iwake nusu saa kwa stasio moja ya mbali. Posti ya zamani ikianza kukimbia, sauti ya mtu inageuka ya bata na unatafuta kifungo kila dakika mbili, punguza bei. Angalia kwa nyuma, pale umeme unaingia. Fundi alituonyesha posti tatu zenye waya wa shaba, na moja yenye msumari, pahali pa fizible. Msumari ule unakuambia maisha yote ya ile mashini: siku moja fizible ilikatika, mtu hakutafuta sababu. Angalia bisi. Zikiwa zimeliwa vichwa, wengi walishaingia mbele yako. Nusa. Harufu ya kuungua haiondoki miaka mingi.

Na kila mashini iko na ugonjwa wa ukoo wake. Kenwood TS-440, posti nzuri sana, iko na gundi ndani ambayo kwa uzee inakula vyombo. Siku ikikuonyesha vidoti pahali pa nambari, njo ile. Inaponyeka, lakini kwa fundi mwenye kuijua. Icom IC-745 na IC-751 ziko na batri ndogo ndani yenye kushikilia akili yake. Batri ile ikikufa, posti inasahau kila kitu na haifanyi kazi tena mpaka ipate akili mpya. Mwuzishaji anaweza asijue. Usimwite mwizi mbele ya kuuliza.

Tukitoka hapo, bado kulikuwa swali: sasa bei ya haki ni gani? Mtoto wa ndugu yetu mmoja anaishi Ubelgiji. Tulimwomba atazame. Siku ya kwanza alituma bei za kutisha, tukamuuliza: hizi ni za wenye kuitisha ao za wenye kulipwa? Kwa eBay kuna pahali pa kuona vitu vilivyokwisha kuuzishwa, na bei waliyomalizia. Pale bei zilianguka. Mtu anaweza kuitisha 600 miaka mitatu na kufa nayo. Kwa bei ya kweli ya kule unaongeza safari na duane mpaka kwetu; kisha unatoa mike yenye kukosa, kordo yenye kukosa, uzee, na hatari kwamba hapa hakuna mtu atakurudishia pesa. Kinachobaki si amri ya Mungu, lakini ni kitu cha kuongelea.

Na mtu asisahau wakati. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliondoka Gécamines katika ile départ volontaire ya mwaka 2003, pamoja na wafanyakazi wengine zaidi ya 10,000. Sehemu ya pesa yake alinunua foni mbili afungue nyumba ya foni, na alizilipa bei ya wakati wa njaa ya mawasiliano. Hakuona kwamba Celtel na Vodacom walikuwa wanakuja na antena zao nyuma ya mgongo wake. Mwaka haukuisha, benchi likabaki tupu. Posti zilikuwa nzima kabisa. Bei ndiyo ilikuwa ya jana. Tulipoenda kumuuliza kama angali nazo, alituonyesha moja, kuku alikuwa anatagia ndani.

Sasa tufike kwa mama wa Panda.

Mume wake alikuwa mwenye kushika foni katika biashara ya malori, na alipokufa aliacha posti moja: Yaesu FT-747GX, ya mwisho wa miaka ya 1980, tranzista tupu, wati 100, nyepesi mpaka mwanamke anaibeba kwa mkono mmoja. Kwa mahali pa batri ni afazali mara mia kuliko ile Sommerkamp, ambayo lampi zake zinakunywa umeme hata ukinyamaza. Mama alikuwa ameifunika na kitambaa cha kushona maua. Alitaka kuuzisha juu ya mtoto wake alikuwa anamaliza ya sita na feza ya mitihani ilikosa. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwambia dola 60. Yeye alituitisha 100, kwa sauti ya chini, sawa mtu mwenye kuogopa kukataliwa. "Bana bangu, kama ni mingi, museme."

Tulipima na kopo letu. Mluzi ulitoa 90. Nusu saa ya kusikiliza haikukimbia. Makosa yalikuwepo: waya wa mike ulikatika na kuungwa na plasta, taa ya nambari ilikuwa hafifu, na pahali pa fizible, wandugu, kulikuwa shaba. Tulimwambia yote, hata yale yenye kupandisha bei. Kule Ubelgiji mtoto wetu alikuwa ameona za namna hiyo, zilizopimwa, zimeuzishwa kati ya euro 150 na 220.

Tulirudi kwa mkutano, na hapo njo vita. Watu 47 waliobaki walikuwa wametoa dola 5 kila mmoja, jumla 235. Mshika pesa wetu, mtu mnyofu ambaye hajawahi kukosa franka moja, alisimama: "Mama mwenyewe ameitisha 100. Tumupe 100. Yeye atafurahi, na sisi tutafurahi. Ile siku tulipoteza 380, nani alituhurumia?" Wengi walipiga mikono, na tuseme kweli: hata ndani ya kamati kulikuwa wenye kuona vile. Pesa ilikuwa ya watu masikini. Kuipunguza bure ni zambi pia.

Aliyejibu ni bibi ya yule mwenye mguu. "Wakati kompani inalipa bwana yangu kile anaitika juu ya njaa, munasimama kwa mlango na bipaza sauti, munasema ni wizi. Leo mama ule anaitika 100 juu ya mutoto hana na feza ya mitihani. Munijibu, ni kintu kimoja ao bintu bibili?"

Tuliongea mpaka giza. Wengine walitaka tumlipe bei yote ya Ulaya na duane juu yake. Hiyo nayo tuliikataa, juu mike ilihitaji kutengenezwa na hakuna mtu alitupa garanti. Mwishoni tulipiga kura, tukapata dola 180. Mshika pesa alipiga kura ya hapana na alitaka iandikwe, ikaandikwa. Lakini ni yeye aliyeenda kulipa. Mama alihesabu mara mbili, kisha akamrudishia dola 80 akisema: "Mumekosea." Ilibidi amueleze mlangoni. Waliandika karatasi mbili: jina la aina, nambari ya nyuma ya posti, tarehe, bei, makosa yote, sinyatire za wawili na za mashahidi.

Ile nambari si kitu kidogo. Wakati wa vita foni nyingi ziliibiwa kwa misioni na kwa wenye kusaidia watu, zikapita mikono kumi. Posti ambayo nambari yake imefutwa na kisu, hata kwa dola 20, iacheni. Na mahali penye askari na watu wa silaha, mtu mwenye kukamatwa na foni bila karatasi ataulizwa maswali ambayo hayana majibu mazuri.

Dola 55 zilizobaki zilinunua kable na waya wa shaba. Antena si ya kununua bei kali, inatengenezwa: unachukua 142.5, unagawa kwa frekansi ya megahezi, unapata urefu wote kwa metre. Kwa megahezi 7 inafika karibu metre 20, yaani 10 kila upande, na mike ndefu haihitajiki wala mnara. Kwa mji wa jirani na kilima cha mbali, metre sita ao saba juu ya ardhi zinatosha.

Na ile Sommerkamp? Radioamateri mmoja wa Lubumbashi, mwenye lisansi yake na jina la hewani lenye kuanza na 9Q, alisikia habari na akaja. Tulimwambia kila kitu: lampi mbovu, kondansateri zimevimba, haisemi. Aliiangalia muda mrefu kwa upendo, sawa mtu mwenye kuangalia gari la baba yake. Alitoa dola 110. Hiyo njo ilikuwa bei yake siku tuliyoilipa 380. Yeye pia alitukumbusha jambo ambalo wengi wanachanganya: lisansi ya amateri ni ya mtu binafsi, ya kujifunza na kuongea bila faida ya pesa. Haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ya mgodi ao ya biashara. Posti yaweza kuwa ya amateri, na ikiwa imefunguliwa inaweza kusema popote, lakini kufunguliwa kwa mashini si otorizasio. Kwa kazi yetu inatakiwa karatasi na frekansi kutoka ARPTC.

Zile 110 tuliziweka kwa dosye hiyo, kwa jina la kooperativi, pamoja na barua ya kituo cha afya yenye kueleza frekansi wanayotumia. Mpaka karatasi itoke, posti iko kilimani inasikiliza tu, na mike tumeiondoa. Delege wa usalama anailala nayo kichwani. Vijana wawili na bibi mmoja wanajifunza kuchaji batri kwa sahani ya jua na kuandika saa ambazo kituo kinaongea: asubuhi saa moja na nusu, mchana saa sita, jioni saa kumi na moja.

Kopo ya antena ya uongo na kipimo cha wati viko katika depo ya seksio. Kamati yoyote yenye kutaka kununua foni, ao mama mjane mwenye kutaka kujua ile ya bwana yake inafanya nini mbele ya kuuzisha, aje avichukue. Hatuitishi pesa. Paka uandike jina lako ndani ya kaye, na ulete batri yako mwenyewe imejaa.